Tupande Mkoma Nyumbani Kabla Haujaisha Mtoni

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini aghalabu hatujiulizi: kivuli hicho kilipandwa na nani?

Swali hilo lilinijia nilipokuwa nikifundisha mjini Lodwar. Mji huo hupata mvua haba mno, yapata milimita 200 tu kwa mwaka. Hata hivyo, msomaji akisimama kando ya Mto Turkwel ataiona mikoma imestawi, mashina yake yakigawanyika mawili mawili kuelekea juu, makuti yake yametandazwa kama mapepeo. Waturkana huuita eeng'ol.

Mti huu hauna cha kutupwa. Makuti yake huezekea nyumba. Makuti machanga, yaani miyaa, husukwa vikapu na mikeka. Makoma yake huliwa na watoto, na wakati wa njaa hata watu wazima huyategemea. Katika darasa langu walikuwamo wanafunzi ambao karo yao ilitoka katika vikapu vya mama zao.

Basi nikaazimia kuupanda uani kwangu. Nilitia mbegu kumi katika makopo ya maziwa, nikayamwagilia maji kila jioni. Miezi ikapita bila jani hata moja kuchomoza. Nikidhani mbegu zimeoza, niliyamwaga makopo. Kumbe zilikuwa zimeota! Kila moja ilikuwa imeteremsha chipukizi nene hadi chini ya kopo, likajikunja pale kama nyoka aliyekosa shimo. Jirani yangu, mama mzee msusi wa vikapu, aliangua kicheko.

"Mwalimu," akaniambia, "mti huu hutafuta maji kwanza, jua baadaye. Nawe umeuwekea sakafu."

Siku hiyo mwalimu alikuwa mwanafunzi. Mkoma hauvumilii ukame kwa miujiza. Huanza kwa kuzama ardhini, na jani huja baadaye, mizizi ikiwa njiani kuufuata unyevu ulio chini. Ndiyo sababu haupendi kuoteshwa kitaluni kisha kuhamishwa. Anayeutaka na aichimbie mbegu shimo pale pale utakapoishi mti, penye mchanga na maji ya chini yasiyo mbali sana. Aondoe nyama ya tunda, ailoweke mbegu siku chache, aifukie, kisha amwagilie maji bila kukata tamaa. Azungushie miiba, kwani mbuzi hawana subira. Tena apande mbegu kadhaa, kwa kuwa kuna mikoma ya kiume na ya kike, na ya kike pekee ndiyo izaayo.

Wapo watakaouliza: ya nini kupanda mti unaojiotea? Jibu ni kwamba mikoma ya mtoni haikuwa bila wenyewe. Kwa desturi ya Waturkana, familia huwa na ekwar, yaani sehemu ya ukingo wa mto ambayo miti yake huitumia na kuilinda. Leo Lodwar, makao makuu ya kaunti tangu mwaka 2013, inapanuka. Kule Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 imekuwa kama mji mkubwa, na watu wengi, wenyeji kwa wageni, wanahitaji kuni na nguzo katika nchi yenye miti michache. Miyaa ikikatwa yote, mti hudhoofika. Kilele kikikatwa ili kugema pombe, shina hilo hufa.

Wengine watasema mkoma unakawia mno. Ni kweli, hukua polepole. Lakini haraka nayo tumeionja. Mathenge ililetwa Turkana katika miaka ya 1980 kwa kuwa hukua upesi na kustahimili ukame. Kivuli na kuni ilitupa, hatukatai. Lakini leo imesonga kingo za mito na njia za mifugo, na miiba yake yatuchoma sote.

Rai yangu kwa walimu wenzangu wa Lodwar na Kakuma ni hii. Kila darasa jipya lichimbe mashimo yake katika uwanja wa shule, mahali ambapo maji ya kunawia humwagika bure. Wanafunzi waandike tarehe katika daftari, wapime, wasubiri. Kisha kila mmoja apeleke mbegu nyumbani, aipande karibu na mahali mama aogeapo au aoshapo vyombo.

Huenda miezi ikapita wasione kitu, na wengine watacheka. Wasiifukue mbegu kama nilivyofanya mimi. Waendelee kumwagilia maji, maana wakati huo wa kutoonekana kitu ndio wakati mti unapojipatia maisha.