Kujitayarisha Kusema Mbele ya Mkutano

Tangu Katiba ya Kenya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, raia wana haki ya kutoa maoni yao juu ya matumizi ya fedha za umma, na kila moja ya kaunti 47 yapaswa kuwasikiliza kabla bajeti haijapitishwa. Haki hiyo ni kubwa, lakini mara nyingi hupotea kwa dakika chache tu. Msemaji wa kijiji husimama, huwashukuru wakubwa mmoja mmoja kwa majina na vyeo vyao, hueleza taabu za tangu zamani, na kabla hajakitaja kisima kilichokauka mwenyekiti humwambia kwamba muda wake umekwisha. Karani naye hana la kuandika, na kijiji hakina budi kungoja mwaka mwingine.

Basi matayarisho yaanzie kijijini, wala si ukumbini. Makadirio ya fedha hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Aletaye ombi mwezi wa Juni huenda amekwisha chelewa. Msemaji aende akakione kisima hicho kwa macho yake, apime safari ya akina mama wanaoteka maji mtoni, ahesabu nyumba zote zinazohusika. Maneno kama “tunateseka kwa maji” husahauliwa upesi. Idadi ya nyumba na saa za kwenda na kurudi huandikwa kitabuni. Wale watakaosemewa nao waulizwe, maana hakuna aibu kama ya msemaji anayekanushwa na jirani yake mbele ya watu.

Akiisha kukusanya habari, achague ombi moja. Hapa ndipo penye shida kubwa, kwa kuwa haja za kijiji ni nyingi na wazee hupenda zote zitajwe. Lakini akipewa dakika tatu, hazitachukua kisima, barabara na zahanati pamoja. Ombi litangulie, sababu zifuate. Mengine yaandikwe, apewe karani, na nakala ibaki kijijini.

Hotuba isomwe kwa sauti nyumbani, saa ikitazamwa, mbele ya mtu asiyeogopa kukosoa (watoto huifanya kazi hii vizuri sana). Kuikariri neno kwa neno kuna hatari yake: neno moja likipotea, yaliyofuata hupotea nalo. Karatasi ndogo yenye hesabu yatosha. Magoti yakitetemeka si kitu. Wasikilizaji huona machache kuliko adhaniavyo msemaji. Akiulizwa asilolijua, aseme kwamba atalitafuta na kulileta, kisha aketi.