Watu wa Damu, Watu wa Upendo

Hakuna mkutano mkuu wa Kanisa la kale uliowahi kuamua msalaba unamwokoa mtu kwa njia gani. Nikea, mwaka 325, maaskofu waliafikiana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Kalkedoni, mwaka 451, wakaafikiana kwamba ni Mungu kweli na mtu kweli. Kuhusu msalaba walikiri tu kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu. Imekuwaje kifo cha mmoja kiwafae wote, hilo waliwaachia wahubiri, na wahubiri hawajanyamaza hadi leo.

Fika Katito siku ya soko, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Ahero kwenda Kisii, utamkuta mmoja wao na kipaza sauti akishindana na makanga. Sijaona makanga akishindwa. Ujumbe wa mhubiri ni mfupi: damu imemwagika, deni limelipwa, chagua leo. Anachosema kina historia ndefu kuliko anavyodhani, na kina wapinzani, baadhi yao wakiwa Wakristo wacha Mungu wa humu humu Nyanza.

Wengi katika karne za mwanzo waliuona msalaba kama ushindi: shetani alikuwa amewashika wanadamu mateka, akanyang'anywa. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alieleza kwamba umungu wa Kristo ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, shetani akavimeza vyote viwili. Wavuvi wa mbuta wa Ghuba ya Winam hawahitaji kufafanuliwa zaidi, ingawa wana haki ya kuuliza kama inampasa Mungu kushinda kwa hila. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, hakutaka kusikia kwamba shetani anadai chochote. Katika kitabu alichokamilisha mwaka 1098 alisema dhambi imemvunjia Mungu heshima. Mwenye wajibu wa kuirudisha ni mtu, mwenye uwezo ni Mungu peke yake. Kwa hiyo ilibidi aje aliye Mungu na mtu. Hoja imekaa sawasawa, japo inanuka baraza la kabaila wa enzi zake. Wanamatengenezo wa karne ya 16 waliisogeza: penye heshima wakaweka adhabu, na Kristo akaibeba kwa niaba yetu. Abelard wa Ufaransa, aliyekuwa bado kijana Anselm alipofariki, aliutazama msalaba kwa namna nyingine. Kwake unaokoa kwa kuwa unaonyesha Mungu ametupenda kiasi gani, na moyo uliouona upendo huo huwashwa nao.

Wamisionari Waanglikana wa CMS walipofungua kazi Maseno mwaka 1906, walileta jibu la adhabu iliyobebwa kana kwamba hakuna jingine. Si kila mtu alilimeza. Yohana Owalo, aliyesema alipata maono mwaka 1907, aliishia kuanzisha kanisa la Nomiya, akikana kwamba Yesu ni Mungu. Hapo hesabu yote ya Anselm inaporomoka. Ubishi wa imani katika nchi ya Waluo, kwa maneno mengine, haukungoja vituo vya redio.

Lakini ubishi unaostahili kutulia nao ulikuja baadaye. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ulifika Maseno kwa mkutano mkubwa mwaka 1938. Ndugu, kama walivyojiita, waliungama hadharani, dhambi moja moja kwa jina lake, kisha wakashuhudia kwamba damu ya Yesu imewaosha. Wengi walibadilika kweli: madeni yalilipwa, chang'aa ikaachwa, mwizi akarudisha ng'ombe na kueleza alikomtoa. Shida ilikuja na hatua iliyofuata. Aliyeoshwa akaanza kumpima ambaye hajaoshwa, na wa kwanza kupimwa alikuwa kasisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waanglikana wa Nyanza walikuwa wamegawanyika katika kambi mbili zilizojulikana kwa majina. Walikuwapo Joremo, watu wa damu, walioshikilia kwamba asiyeungama na kushuhudia hivyo hajaokoka, awe amebatizwa au la. Na walikuwapo Johera, watu wa upendo, waliosema kwamba aliyekufa msalabani hakufa ili ndugu wapate sababu ya kutosalimiana. Kiongozi wa Johera alikuwa kasisi Mathayo Ajuoga. Mwaka 1957 yeye, makasisi wenzake kadhaa na maelfu ya waumini waliondoka na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika, ambalo wengi bado hulijua kama Johera. Canterbury ya Anselm ikapoteza parokia nzima nzima kwa hoja inayokaribiana na ya Abelard. Profesa Bethwell Ogot na F.B. Welbourn waliliandika jambo hilo kitabuni mwaka 1966, na walionyesha pia kilichokuwa chini yake: uchungu juu ya madaraka, Wazungu waliosikiliza kambi moja, Waafrika waliotaka kanisa lenye nafasi yao. Watu hawaachi altare walikobatiziwa kwa sababu ya nadharia tupu.

Mimi nadhani Johera walikuwa sahihi kuhusu ndugu zao, na Joremo walikuwa sahihi kuhusu msalaba kuliko walivyopewa sifa. Upendo usiotaja damu hugeuka upesi kuwa adabu njema. Msalaba ulikuwa chombo cha dola ya Roma cha kuua watumwa na waasi mbele za watu, uchi, ili wapita njia wajifunze. Mtu anayesema Mungu alikuwa pale anasema neno zito kuliko kwamba Mungu ni mwema. Kosa la Joremo lilikuwa kuifanya damu kuwa kitambulisho, kitu cha kuonyesha mlangoni.

Na mlangoni ndipo ugomvi ulipobaki. Tazama mazishi ya upande wa Nyakach. Seremala ameshapaka msalaba rangi nyeupe, jina na tarehe mbili kwa herufi nyeusi, na kijana anautanguliza mbele ya jeneza. Msalaba huo hauulizi marehemu alikuwa wa kanisa gani. Wanaouliza ni watu: je, alikuwa mshiriki, aliokoka lini, wake ni wangapi? Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana, mwaka 1888, uliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe hadi aikubali sheria ya Kristo, ilhali wake zake wangeweza kubatizwa katika mazingira fulani. Mzee akabaki nje akisikiliza wakeze wakiimba. Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988 Lambeth, kwa hoja iliyosukumwa zaidi na Askofu David Gitari wa Kenya, ilikubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake, kwa sharti asiongeze mwingine na jumuiya ya waumini iridhie. Sababu mojawapo iliyotajwa ni dhiki itakayowapata wanawake wanaofukuzwa.

Makanisa mengi huru ya Nyanza yalikuwa yamekwisha kuwapokea wazee hao miaka mingi kabla, bila azimio lolote kutoka Uingereza. Kuhusu mjane aliyerithiwa na shemeji yake, na kama aruhusiwe kushiriki meza ya Bwana, bado ukiuliza makanisa mawili ya Katito yaliyotenganishwa na ua mmoja utarudi na majibu mawili, na kila mchungaji atakuonyesha msalaba ule ule.