MTOTO ANA ULEMAVU? ANZA KUULIZA HAPA KARIBU

Mama mmoja wa upande wa Kiminini aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili apate nauli ya kumpeleka mtoto Nairobi. Mtoto alikuwa na miaka sita na hatembei. Huko jijini walizunguka siku nne, ofisi hii ikiwatuma ile. Mwisho waliambiwa: "Mama, rudi kwenu. Fomu hii inaanzia hospitali ya kaunti." Ng'ombe ameenda, na mtoto akarudi vile alivyoondoka.

Hatusemi haya ili tumcheke. Wengi wetu tunadhani msaada wa walemavu uko mjini mkubwa tu. Ukweli ni kwamba hatua za kwanza zote ziko hapa, Kitale na Bungoma.

Hatua ya 1: Kupimwa

Nenda hospitali kuu ya kaunti, uulize siku ambayo madaktari wanapima ulemavu. Usiende tu bila kuuliza, usije ukapoteza nauli. Beba kipande chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na picha ndogo za pasipoti. Kama mtoto hana cheti, anza na hicho, maana bila cheti utarudishwa kila mahali.

Hatua ya 2: Kuandikishwa

Ukishapata ripoti ya daktari, mtoto aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hili lilitokana na sheria ya mwaka 2003. Siku hizi kuandikishwa ni kwa eCitizen, kwa simu au kwa saiba. Kama mambo ya kompyuta yanakushinda, baraza lina ofisi katika kaunti. Nenda uulize.

Kadi inasaidia nini?

- Mlemavu mwenye mshahara anaweza kuomba asikatwe kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi.
- Baraza lina mfuko wa kusaidia vifaa kama viti vya magurudumu na magongo, karo ya shule, na vikundi vya biashara.
- Wenye ualbino wanaweza kupata mafuta ya kukinga ngozi na jua.

Lakini sikiza vizuri: kadi peke yake haileti pesa kila mwezi. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii ni mpango mwingine. Ni za mtu mwenye ulemavu mkali, anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku, tena katika nyumba maskini. Mwone chifu au afisa wa maendeleo ya jamii, umwulize majina yanaandikwa lini. Mtu akikuambia umpe kitu kidogo ndipo akuandike, huyo anakula jasho lako.

Tena juu ya kiti cha magurudumu: usichukue chochote tu kwa sababu ni cha bure. Kiti kikubwa kuliko mtoto kinampinda mgongo na kumletea vidonda. Mtoto apimwe kwanza, na mweleze fundi barabara za kwenu zikoje wakati wa mvua.

Shule

Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto na kushauri wazazi kuhusu shule. Mpango huo ulianza 1984. Mtoto akishapimwa, pengine atafaa shule ya kawaida ya hapo jirani, na si lazima aende bweni. Akihitaji shule maalum, ziko karibu. Kwa wenye ulemavu wa viungo kuna Nalondo, Bungoma. Kwa viziwi kuna St. Anthony, Webuye, na pia Mumias. Kwa wasioona kuna St. Francis, Kapenguria.

Usingoje

Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, mpeleke hospitali katika wiki zile za kwanza. Mguu unanyoshwa polepole kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha anavaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, hadi afike miaka minne hivi. Wengi hupona wakatembea na kucheza mpira kama wengine. Wazazi wengi huharibu kazi hapo mwisho: wakiona mguu umenyooka wanatupa viatu, na mguu unarudi kupinda.

Na wale waliofungiwa nyumbani?

Tunajua wako. Mgeni akija, mtoto anasukumwa chumba cha nyuma. Kukhu anasema ni laana, jirani anasema mama alikosa. Si laana. Hata sheria ya 2003 ilikataza mzazi kumficha mlemavu hata akakosa huduma zake. Sheria hiyo sasa imebadilishwa na ile ya 2025, na katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Lakini mzazi anayeficha mara nyingi ana aibu na hofu. Akitishwa atazidi kuficha. Mtembelee mara mbili tatu, mnywe chai, kisha mwambie: "Twende pamoja siku ya kupimwa."

Kazi ya mwezi huu

Kila kikundi kihesabu nyumba za mtaa wake. Ni nani hana cheti? Nani hajapimwa? Nani alipimwa lakini hakuandikishwa? Andikeni majina kwa daftari, mchague mtu mmoja wa kufuatana na kila familia. Nauli ya matatu hadi Kitale au Bungoma mnaweza kuchangiana. Hakuna haja ya mama mwingine kuuza ng'ombe.