Kutoka Kitabuni hadi Uwanjani: Timu ya Taifa ya Kwadiboli ya Uganda na Swali la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Kwadiboli, mchezo uliotokana na riwaya za Harry Potter na uliojulikana kwa jina la Quidditch hadi mwaka 2022, umechezwa nchini Uganda tangu mwaka 2013, na nchi hiyo ina timu ya taifa. Makala haya yanaeleza jinsi mchezo huo ulivyotoka kwenye hadithi ya kubuni ukawa mashindano halisi, yanaonesha kwa nini ulilazimika kuacha jina lake la awali, na yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuupatia istilahi. Hoja kuu ni kwamba istilahi za mchezo uliozaliwa kitabuni zifuate kazi inayofanywa uwanjani na michezo ambayo watoto wa eneo hili wanaijua tayari, badala ya kufuata tafsiri ya maneno ya hadithi. Kosa la uteuzi wa istilahi katika mchezo huu lina gharama ya kijamii, hasa pale ufagio unapokutana na imani za uchawi.

1. Utangulizi

Tafiti za istilahi za michezo katika Kiswahili zimejikita zaidi katika soka, na hilo linaeleweka, kwa kuwa watangazaji wa redio na magazeti ya soka wamekuwa waundaji wakubwa wa maneno. Michezo midogo huachwa ijitafutie maneno yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kocha wa kijijini hufundisha kwa lugha ya nyumbani, kanuni husomwa kwa Kiingereza, na mwandishi wa habari anayefika siku ya mashindano hukosa neno la kuandika.

Kwadiboli ni kisa kizuri cha kuchunguza pengo hilo kwa sababu maneno yake ya kwanza yalibuniwa na mwandishi mmoja wa riwaya. Soka ilipoingia Afrika Mashariki ilikuja na maneno ya watu wengi yasiyokuwa na mmiliki, lakini kwadiboli ilikuja na maneno yenye mwenyewe.

2. Mchezo ulivyotoka kitabuni

Katika riwaya ya kwanza ya J.K. Rowling, iliyochapishwa mwaka 1997, wanafunzi wa shule ya uchawi hucheza angani wakiwa juu ya fagio. Mwaka 2005 wanafunzi wa Chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, waliuteremsha mchezo huo ardhini. Badala ya kuruka, walikimbia wakiwa na fimbo katikati ya miguu. Chama cha kimataifa kiliundwa mwaka 2010, na mwaka 2012 timu 5 za taifa zilikutana Oxford, Uingereza. Kombe la Dunia la mwaka 2016 lililofanyika Frankfurt, Ujerumani, lilikuwa na timu 21, na Australia iliifunga Marekani katika fainali. Miaka miwili baadaye, huko Florence, Italia, timu zilifikia 29.

Kila upande huwa na wachezaji saba uwanjani pindi timu inapokamilika. Watatu hupitisha mpira wa wavu katika moja ya pete tatu za upande wa pili na kupata pointi 10 kwa kila bao. Mmoja hulinda pete za upande wake. Wawili hurusha mipira laini kuwalenga wapinzani, na anayepigwa hulazimika kutoa fimbo miguuni na kurudi kugusa pete za upande wake kabla ya kuendelea kucheza. Wa saba hana kazi nyingine ila kumkimbiza mtu asiye wa timu yoyote, aliyevaa manjano, ambaye kiunoni ananing’iniza soksi yenye mpira wa tenisi. Kitabuni tukio hilo lina thamani ya pointi 150, lakini uwanjani kwa miaka mingi lilihesabiwa pointi 30, kwa kuwa kanuni ya kitabuni ingefanya jitihada za wachezaji wengine zisiwe na maana. Aidha, timu huchanganya jinsia. Kwa miaka mingi kanuni ilitaka wachezaji wa jinsia moja wasizidi wanne uwanjani.

Maelezo haya yanaonesha kwamba kilichobaki cha kitabuni ni kidogo. Mabadiliko ya lazima, kuanzia hewani hadi ardhini na kutoka pointi 150 hadi 30, yaliufanya mchezo huu kuwa kitu kingine. Hata hivyo, majina yalibaki yale yale.

3. Katwadde na timu ya taifa

Nchini Uganda mchezo huu ulianzia katika kijiji cha Katwadde, eneo la Masaka, mwaka 2013, kwa juhudi za mwalimu wa shule. Wachezaji hutumia vijiti vilivyokatwa mitini badala ya mabomba ya plastiki yanayotumiwa Ulaya na Marekani. Jambo la msingi kwa hoja ya makala haya ni kwamba watoto wengi wa hapo waliujua mchezo kabla ya kukijua kitabu. Kwao hakukuwa na hadithi ya kukumbuka, bali mipira, pete na fimbo.

Uganda ilitarajiwa kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki Kombe la Dunia, katika mashindano ya Frankfurt ya mwaka 2016. Wachezaji hawakupata viza, na mashindano yakafanyika bila wao. Si sahihi kudai kwamba istilahi nzuri zingewafungulia mlango huo, kwani viza hutolewa au kunyimwa kwa vigezo vya mapato, makazi na sera za uhamiaji. Pamoja na hayo, kisa hiki kinaonesha udhaifu wa timu inayojulikana zaidi nje kuliko nyumbani. Timu isiyotambulika kwa jina katika magazeti, shule na ofisi za michezo za nchi yake haina wa kuisemea inapokwama. Tangu Uganda itunge Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023, utambulisho rasmi wa vyama vya michezo umekuwa jambo la kisheria, na mchezo usioweza kuelezwa kwa lugha inayoeleweka na viongozi wa wilaya unaanza safari hiyo ukiwa nyuma.

4. Jina lenye mwenyewe

Julai 2022 vyombo vikuu vya mchezo huu vilitangaza kuacha jina la Quidditch na kutumia jina jipya lenye kuashiria idadi ya mipira na nafasi za wachezaji, yaani nne. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kibiashara: alama ya biashara ya jina la awali inamilikiwa na kampuni ya filamu ya Warner Bros., hali iliyozuia udhamini na matangazo. Ya pili ilikuwa kujitenga na misimamo ya mwandishi wa riwaya kuhusu watu waliobadili jinsia. Baadhi ya maneno ya ndani nayo yakabadilika. Kwa mfano, anayekimbia na soksi sasa huitwa kwa neno lenye maana ya bendera.

Mwezi huo huo wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa kisababishi, lakini yanaunda fursa moja. Mchezo ulikuwa unatafuta maneno mapya wakati ule ule ambapo lugha ilikuwa inapewa kazi mpya.

Kwa jina lenyewe, Kiswahili kina njia mbili zilizozoeleka. Njia ya kwanza ni utohozi, kama voliboli na netiboli, unaotoa kwadiboli. Njia ya pili ni kutaja kifaa au sehemu bainifu ya mchezo, kama mpira wa wavu, mpira wa kikapu na mpira wa pete. Hapa ndipo tafsiri sisisi inaposhindwa: mpira wa nne humaanisha mpira unaofuata wa tatu, na mipira minne ni idadi tu. Muundo wa njia ya pili unaelekeza kwenye mpira wa fimbo. Historia ya voliboli na mpira wa wavu inaonesha kwamba maneno mawili ya aina hii yanaweza kuishi pamoja, moja likitumika zaidi mezani na jingine mitaani.

5. Istilahi za nafasi na vifaa

Tafsiri ya neno kwa neno ya majina ya kitabuni huleta mkanganyiko katika nafasi karibu zote. Mifano minne inatosha.

Kwanza, wachezaji wawili wanaorusha mipira laini. Kitabuni wanatumia rungu, hivyo jina lao la Kiingereza humaanisha wapigaji. Uwanjani hakuna rungu na hakuna anayepiga, bali wanalenga. Kwa hiyo mlengaji linafaa kuliko mpigaji. Mpira wao nao una jina tayari katika michezo ya watoto. Mchezo wa kurusha mpira na kukwepa huitwa rede nchini Tanzania, kati nchini Kenya na kwepena nchini Uganda. Neno hili la mwisho ni la Kiluganda, na ufanano wake na kitenzi kukwepa unasikika bila kuelezwa. Mpira wa rede ungeeleweka Dar es Salaam mara moja, ilhali kwa mtoto wa Masaka mpira wa kukwepa uko karibu zaidi na anachokijua. Makala haya yanaona mpira wa kukwepa ndio ulio bora, kwa kuwa unaeleweka pande zote bila kuegemea nchi moja.

Pili, mvaa manjano. Anayekimbia ni mkimbiaji, lakini neno hilo tayari ni la riadha. Mkimbizi, ambalo mtafsiri mwenye haraka angeweza kulichagua, halifai kabisa. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja, wakiwemo wa makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa nchi. Mchezo ambao watu humfukuza mkimbizi ili kumpokonya kitu hauwezi kupelekwa katika shule zao. Bendera, kwa kufuata badiliko la mwaka 2022, inagongana na mbeba bendera, ambaye katika Kiswahili cha michezo ni mwanamichezo anayeongoza msafara wa nchi yake. Soksi inayoning’inia nyuma ni mkia machoni pa kila mtoto. Mwenye mkia na kunyakua mkia ni maneno yanayojieleza.

Tatu, anayemfukuza mwenye mkia. Mtafutaji ni tafsiri sahihi ya jina la kitabuni, ambako kitu kinachotafutwa ni kidogo na hakionekani. Uwanjani mwenye mkia anaonekana na kila mtu, na ugumu ni kumfikia. Msakaji, kutokana na kusaka, linabeba maana ya kufuatilia kwa mbio.

Nne, nafasi zilizobaki hazihitaji uundaji. Mshambuliaji na kipa ni maneno ya soka yanayojitosheleza, na pete ni ya mpira wa pete. Inafaa kuongeza kwamba ngeli ya kwanza ya Kiswahili haitofautishi jinsia, hivyo mlengaji, msakaji na mshambuliaji yanaifaa timu ya mchanganyiko bila marekebisho yoyote.

6. Ufagio, fimbo na uchawi

Suala lenye uzito mkubwa zaidi ni la kifaa kinachowekwa katikati ya miguu. Katika hadithi za Ulaya mchawi huruka kwa ufagio. Katika masimulizi mengi ya Afrika Mashariki husafiri kwa ungo. Mtu angeweza kudhani kwamba tofauti hii inaondoa tatizo, kwa kuwa ufagio hapa ni wa kufagilia tu. Lakini mwandishi wa habari anapoeleza kwamba watoto wa shule wanacheza mchezo wa wachawi wanaoruka, kifaa hakina tena umuhimu, kwa kuwa neno wachawi limekwisha kufanya kazi yake.

Nchini Uganda uchawi ni neno la kisheria, kwa kuwa nchi ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957. Nchini Tanzania wanawake wazee, hasa wa kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa msomaji wa London uchawi wa riwaya ni burudani. Kwa mzazi wa kijijini anayeombwa ruhusa ya binti yake kucheza, neno hilo ni tuhuma. Mwalimu anayetumia fimbo badala ya ufagio, na mchezo wa kukimbia badala ya mchezo wa kuruka, hafichi ukweli wowote, kwa sababu kinachofanyika uwanjani ni kukimbia na fimbo. Chimbuko la mchezo lielezwe kama historia yake, lisiwe ufafanuzi wake.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba kwadiboli iliachana na kitabu kwa vitendo muda mrefu kabla ya kuachana nacho kwa jina, na kwamba wachezaji wa Katwadde walianzia pale ambapo mchezo wa kimataifa ulifika mwaka 2022. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyombo vya lugha vya nchi wanachama viwe na utaratibu mwepesi wa kusanifisha istilahi za michezo midogo, ukianza na wachezaji na makocha wenyewe. Pili, kanuni za kwadiboli ziandaliwe kwa Kiswahili chepesi pamoja na Kiluganda, ili walimu wanaotakiwa kufundisha Kiswahili wapate matini ya kusomwa na kutendwa papo hapo. Tatu, maofisa wa michezo na waandishi wa habari wapewe orodha fupi ya maneno kabla ya mashindano, hasa ikionesha yanayopaswa kuepukwa: mkimbizi, mchawi na kuruka.

Timu itakayosafiri siku moja kuiwakilisha Uganda itahitaji fedha, hati na waamuzi wenye haki. Lugha haiwezi kutoa hata kimoja kati ya hivyo. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku ya kuondoka, mzazi wa Katwadde, ofisa wa wilaya na mtangazaji wa redio wanaweza kusema kwa neno lao wenyewe watoto hao wanakwenda kucheza nini.