Mabao 15 yaliyozamisha timu nne

Jamani, nani kasema daraja linapotea uwanjani tu? Juzi kijiweni hapa Mpanda tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anadai zamani Uingereza timu za mkiani zilikuwa zinaombewa kura. Kweli bwana! Mpaka 1986, nne za mwisho za daraja la nne ziliwapigia magoti wenzao ziachwe. Nyingi zilionewa huruma. Southport walitoswa 1978, nafasi wakapewa Wigan Athletic.

Nikawaambia, sisi tunayo ya kwetu. Februari 2016, kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora wanakimbizana kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho Geita wakaipa JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora, jirani zetu wa reli, wakaichapa JKT Oljoro 7-0. Nane kwa saba! Hata bibi yangu, asiyejua kona, angeguna.

Aprili TFF wakashusha rungu, zote nne zikateremshwa kwa kupanga matokeo. Ligi Kuu wakapanda Mbao FC wa Mwanza, na 2017 wakafika fainali ya Kombe la FA wakafungwa 2-1 na Simba. Geita nao walipanda 2021, safari hii kwa jasho.

Mimi je? Nilikuwa mtoto wa shule, nimeshadunduliza nauli ya treni niende Tabora kuiona Simba kwa macho yangu. Hela ile nikanunulia ndala.