"Outstanding" si sifa: Maneno ya Kiingereza yanayotuponza kwenye karatasi za mkopo

Mtoto akirudi nyumbani na ripoti ya shule iliyoandikwa "outstanding", jioni hiyo kuku anaweza kuchinjwa. Maana yake amefanya vizuri kupita wenzake. Neno hilo hilo likiingia kwenye simu ya baba katika ujumbe unaosema "outstanding balance", hakuna cha kushangilia. Ni deni ambalo bado halijalipwa. Herufi ni zile zile, na aliyelijua neno kwa maana ya shuleni anaweza kudhani kampuni inampongeza.

Katika makala hii tunazungumzia maneno ya namna hiyo, yale yanayokaa kwenye fomu za mikopo, mikataba ya vikundi na hati za ardhi. Neno gumu kabisa, ambalo hujapata kulisikia, halina hatari kubwa, kwa sababu ukiliona unasimama na kuuliza. Linaloponza ni lile linalofanana na neno ulilolizoea. Hilo unalipita bila wasiwasi, unatia saini, na maana yake unaijua siku mtu amekuja kuhesabu mbuzi wako.

Mtu anaweza kuuliza: kwani Kiswahili si lugha ya sheria siku hizi? Kwa Tanzania ni kweli. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mkataba kati yako na mkopeshaji ni jambo la watu wawili, na wakopeshaji wengi bado wanatumia karatasi zilizoandaliwa kwa Kiingereza. Waingereza wenyewe walipitia shida hii. Baada ya kutekwa na Wanormani mwaka 1066, mambo ya mahakama kwao yaliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini, na mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia hawakukielewa Kifaransa. Masalia ya zama hizo ndiyo yanayotusumbua sisi leo. Ukiona maneno mawili yamefungwa pamoja kama "goods and chattels", la kwanza ni la Waingereza wenyewe na la pili lilitoka kwa Wafaransa, na yote mawili yanataja mali.

Tuanze na mikopo ya vikundi, maana huko ndiko wengi wetu tulipo. Kwenye mkataba wa kikundi utakuta wanachama wanawajibika "jointly and severally". Aliyesoma kidogo anakumbuka "several", yaani kadhaa, anaona ni kitu cha wengi, basi mzigo umegawanywa. Sivyo. "Jointly" ni kwa pamoja. "Severally" ni kila mmoja peke yake. Yakikaa pamoja yanampa mkopeshaji haki ya kumfuata yeyote kati yenu na kumdai deni lote.

Tuchukue mfano. Watu watano wamekopa shilingi 5,000,000, kila mmoja akachukua 1,000,000. Wanne wakashindwa, wawili wakahama kabisa kijiji. Wewe umelipa milioni yako yote, huna hata senti unayodaiwa kwa hesabu zako. Kwa maneno yale mawili, mkopeshaji anaweza kukujia wewe, mwenye ng'ombe wanaoonekana, akadai sehemu yote iliyobaki. Ukishalipa, sheria inakupa haki ya kuwadai wenzako mafungu yao, ila kuwatafuta waliohama ni kazi yako na nauli ni yako. Hatusemi vikundi ni vibaya. Tunasema kwamba kabla ya kuingia, watazame wale wanne kama watu ambao unaweza kuwalipia, kwa sababu ndicho ulichokubali.

Sasa njoo kwenye fomu ya mtu mmoja mmoja. Hapo kuna mistari kadhaa ya kutia saini, na haifanani hata kidogo. "Witness" ni shahidi: ameona fulani akitia saini, basi. "Referee" si refa wa mpira. Ni mtu anayekufahamu, atakayeulizwa habari zako. "Next of kin" ni ndugu wa karibu wa kupewa taarifa jambo likitokea, na kuandikwa pale hakumfanyi kuwa mrithi wako, ingawa familia nyingi zimegombana msibani kwa kudhani hivyo. "Guarantor" ni mdhamini, na hapa ndipo pa kuweka kalamu chini kwanza. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa kama mkataba umeeleza vingine. Jirani akikuambia "njoo unisaidie kusaini tu", mwombe akuonyeshe umeandikwa kama nani.

Kuna mstari mwingine ambao kina mama huitiwa wakati kazi imeshakwisha: "spousal consent". Wengi huelezwa kuwa wanakuja kushuhudia. "Consent" si ushahidi. Ni ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ndiyo maana mkopeshaji anaitaka hiyo saini kwa nguvu zote. Mama akisaini pale, anasema: nimekubali nyumba tunayoishi iwekwe kwenye deni, na likishindikana iuzwe. Ni haki yake kuuliza kiasi cha mkopo, muda wake na kazi itakayofanywa na fedha hizo. Ni haki yake pia kukataa.

Nyumba au shamba likishawekwa kwenye deni, karatasi itasema "mortgage", au kwa Kenya mara nyingi "charge", maana ndilo neno lililotumiwa katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Hii "charge" imewachanganya wengi. Tunaijua ya kuchaji simu, tunaijua ya gharama unayotozwa dukani, na polisi wanayo yao ya mashtaka. Kwenye hati ya ardhi ni rehani. Ukinunua kiwanja na mtu akakuambia kina "charge" kidogo, hakuna umeme hapo. Kuna mtu mwingine anayekidai. "Encumbrance" ni neno zito la jambo hilo hilo kwa upana wake: mzigo wowote uliofungwa kwenye ardhi, iwe rehani, haki ya mtu mwingine ya kupita au zuio. Muuzaji anapoandika "free from all encumbrances" anaapa kwamba ardhi haina mzigo wowote. Usichukue kiapo chake peke yake, kaulize kwenye ofisi ya ardhi au ya kijiji.

"Mortgage" lenyewe lina asili ya kutisha. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha zamani, yanayomaanisha rehani iliyokufa. Mwanasheria wa Uingereza Edward Coke, aliyefariki mwaka 1634, alilieleza hivi: mdaiwa akishindwa kulipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani ndiyo inayokufa. Kwa vyovyote, kuna kitu lazima kife.

Na kama huna nyumba wala hati, wakopeshaji watakuomba "chattels". Hizi ni mali zinazohamishika: pikipiki, cherehani, jokofu, mashine ya kusaga, mifugo. Wafugaji wanaotusikiliza watafurahi kujua kwamba "chattel" na "cattle", yaani ng'ombe, yalikuwa neno moja zamani, na lina undugu na "capital", yaani mtaji. Huko Ulaya ya kale mali ya mtu ilikuwa mifugo yake, kama ambavyo mfugaji wa Longido au wa Kajiado angekueleza leo bila kufungua kamusi. Kenya ilitunga sheria mwaka 2017 inayohusu kuweka dhamana ya mali zinazohamishika, mifugo na mazao yakiwemo. Kwa hiyo "security" kwenye fomu siyo mlinzi wa getini. Ni dhamana, ni ile mali itakayokamatwa. Neno lingine la kitu hicho hicho ni "collateral".

Itakamatwa lini? Hapo tunafika kwenye sentensi ambayo, kwa namna moja au nyingine, imo kwenye mikataba mingi. Huwa kama hivi: "Upon default, the whole outstanding amount shall become due and payable forthwith, and the borrower waives any right to further notice." Tuifungue kipande kwa kipande.

"Default" ni kushindwa kutimiza ulichoahidi. Kwenye mipangilio ya simu neno hilo lina maana ya hali ya kawaida ilivyotoka kiwandani, na vijana wengi wanalijua kwa maana hiyo tu. Kwenye mkopo, kukosa rejesho moja tu kunaweza kuwa "default", kutegemea mkataba umesemaje. "Due and payable" ni kwamba muda wa kulipa umefika. "Forthwith" ni papo hapo, si mwezi ujao na si baada ya mavuno. Ukiunganisha na "whole outstanding amount" unapata hili: umebakiza marejesho kumi, umekosa moja, yote kumi yanadaiwa leo. Halafu "waives". Usilichanganye na "wave", kupunga mkono, ingawa yanatamkwa sawa. "Waive" ni kuachia haki yako kwa hiari. Hapa mkopaji ameachia haki ya kupewa taarifa zaidi kabla ya kuchukuliwa hatua. Kama kuna neno moja la kulitafuta kwa kidole kwenye kila karatasi, sisi tungechagua hili, maana kila lilipo, kuna kitu chako unakitoa. Zipo haki ambazo sheria haikuruhusu uziachie hata ukisaini, lakini hilo utalijua mbele ya wakili au hakimu, na kufika huko ni gharama.

"Interest" nalo si kupenda jambo. Ni riba, na maneno yanayolifuata ndiyo yenye fedha. "Flat rate" ni riba inayohesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo muda wote, hata kama umeshalipa nusu. "Reducing balance" ni riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Chukua shilingi 600,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Kwa "flat rate" unatozwa 18,000 kila mwezi, jumla 216,000. Kwa "reducing balance", ukipunguza mkopo kwa 50,000 kila mwezi, riba inaanza 18,000, mwezi wa pili 16,500, wa tatu 15,000, inashuka hivyo hadi 1,500 mwezi wa mwisho. Jumla ni 117,000. Asilimia iliyotajwa ni ile ile 3. Tofauti ni shilingi 99,000.

Mikopo ya simu, ambayo imeenea tangu M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, imefupisha haya yote kuwa kitufe kimoja. "Accept" au "I agree" ni saini yako. Unapobonyeza umekubali "terms and conditions", ambayo sisi wa redio tunaisema kila siku mwishoni mwa matangazo ya biashara, "vigezo na masharti kuzingatiwa", kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Maneno kama "roll over" yamo humo ndani: deni halikulipwa kwa wakati, linasukumwa mbele kwa ada mpya. "Auto-renew" ni huduma kujirudia yenyewe na kuendelea kukata salio mpaka uizuie.

Ukipewa karatasi ya Kiingereza, unaruhusiwa kusema utairudisha kesho. Omba nakala ya Kiswahili. Kama haipo, piga picha kila ukurasa kwa simu, ukurasa wa nyuma wenye herufi ndogo usiuache, umtumie mwalimu, mtendaji au kijana wa nyumbani aliye chuoni. Ukishindwa kabisa, mwambie afisa akueleze kwa Kiswahili mbele ya mtu mwingine wa upande wako, na umwulize hasa ni mali gani itachukuliwa, baada ya siku ngapi, na nani mwingine anayeweza kudaiwa.

Na karibu na sehemu ya saini, tafuta "executed in duplicate". Hakuna anayenyongwa hapo. "Execute" kwenye mkataba ni kuutia saini ili uanze kufanya kazi, na "in duplicate" ni nakala mbili. Moja ni ya mkopeshaji. Ya pili ni yako, na uitie mfukoni kabla hujatoka ofisini.