Upimaji wa Anisotropia ya Sumaku katika Molekuli za Lanthanidi: Mazingatio kwa Ukanda wa Jinja na Mbale

Takribani kilomita 40 mashariki ya Jinja, udongo wa mfinyanzi wa Makuutu umebeba lanthanidi, zikiwamo disprosiamu na terbiamu. Barabara iendayo Mbale kwa kupitia Tororo hupita karibu na eneo hilo. Mijadala ya sera hujikita katika tani za udongo. Makala hii inafafanua sifa inayoipa disprosiamu thamani na namna inavyopimwa.

Sifa hiyo ni anisotropia ya sumaku, yaani usumaku kupendelea mwelekeo mmoja kuliko mingine. Wingu la elektroni za ndani za ioni ya disprosiamu huweza kuwa bapa. Atomi jirani zikikaa juu na chini yake, usumaku hufungwa katika mhimili mmoja, na kuugeuza huhitaji nishati nyingi. Kwa sababu hiyo, molekuli moja huweza kuwa sumaku, kama Ishikawa na wenzake walivyoonesha kwa terbiamu mwaka 2003. Mwaka 2018, molekuli ya disprosiamu ilidumisha kumbukumbu ya sumaku hadi kelvini 80, juu ya kiwango cha nitrojeni kuchemka, yaani kelvini 77. Sifa hiyohiyo huzisaidia sumaku za mitambo ya upepo kustahimili joto.

Kupima unga hakutoshi: fuwele zake huelekea kila upande, na wastani unaopatikana huuficha mhimili. Hivyo, fuwele moja hubandikwa juu ya bamba jembamba la metali lililoshikwa upande mmoja, kisha huzungushwa ndani ya uga wa sumaku. Fuwele huvutwa ili mhimili wake ufuate uga, bamba hupinda, na mpindo hupimwa kwa badiliko la kapasitansi. Momenti hiyo ya kuzungusha huwa sifuri uga unapolingana na mhimili au unapokuwa wima kwake. Baina ya hali hizo, ukubwa wake hudhihirisha kiasi cha anisotropia. Hata hivyo, molekuli zenye mielekeo tofauti ndani ya fuwele moja huchanganya matokeo. Kwa hiyo, mpangilio wake sharti ubainishwe kwanza kwa eksirei.

Sheria ya Madini ya Uganda ya mwaka 2022 inahimiza uongezaji thamani. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ukanda vianze na ukuzaji wa fuwele na uchunguzi wa eksirei, kwa kuwa hatua hizo hazihitaji heliamu kimiminika, ambayo ni ghali, na bila hizo kipimo chochote cha anisotropia hakiwezi kufasiriwa.